Swali la Sukari

Kila siku ya kazi, kabla hajagusa kitufe hata kimoja, Bisibisi ilimbidi amsubiri mama mmoja mtu mzima amalize kuchonga penseli yake.

Mama huyo walimwita Mama Daftari. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mbili, akastaafu, akapumzika miezi minne, akachoka kupumzika. Kitengo cha kuchunguza uhalifu wa mtandaoni kikamrudisha kazini kwa shughuli moja tu: kukaa kwenye kiti kando ya meza ya tatu na kuandika kila anachokifanya Bisibisi. Saa tatu na dakika mbili, mchunguzi amewasha mashine. Saa tatu na dakika nne, mchunguzi amechomeka diski ya nakala. Saa tatu na dakika tano, mchunguzi amepiga chafya. Naam, hata chafya aliiandika. Siku Bisibisi alipomuuliza chafya yake inaihusu nini mahakama, alijibiwa kwa upole kwamba wakili wa upande wa pili akitaka kujua kwa nini mkono wa mchunguzi ulitikisika saa tatu na dakika tano, jibu litakuwapo.

Wachunguzi wengine wanne wa chumba kile hawakuwekewa shahidi. Wao kazi hii waliisomea darasani. Bisibisi alikuwa ameisomea upande wa pili wa ukuta.

Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu tangu utotoni hakuna kitu chenye skrubu kilichopita mbele yake kikabaki salama. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, aliingia kwenye mitambo ya wizara ya ardhi ya nchi yake, akatoa orodha ya viwanja vya michezo vya shule ambavyo wakubwa walikuwa wamegawana, akaianika mtandaoni kila mtu asome. Wiki ya kwanza alikuwa shujaa asiyejulikana sura. Wiki ya pili sura ikajulikana. Aliondoka na begi moja na chaja ambayo haikuwa ya simu yake. Ugenini aliishi kwa vibarua vya gizani, kufungua simu zilizofungwa na kuokoa akaunti zilizopotea, nyingine za wenyewe na nyingine za watu wengine, mpaka akatiwa mbaroni. Mkuu wa kitengo aliyemkamata aliitazama kazi yake, akajikuna kichwa, na badala ya kumpeleka rumande akampa mkataba.

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja, lakini roho yake ilikuwa vifungu viwili. Cha kwanza, hatagusa mashine ya ushahidi bila shahidi kuwapo. Cha pili, akiingia hata mara moja kwenye mtambo wa mtu yeyote, wa nchi yoyote, bila idhini ya maandishi, kibali chake cha kuishi kinakufa siku hiyohiyo. Na kurudishwa kwao kulikuwa ni kukabidhiwa kwa watu ambao kwa miaka minane hawakuchoka kumngoja.

Kwa hiyo alingoja penseli. Mtu aliyeweza kufungua mlango wa kompyuta kabla chai haijapoa alikaa mikono mapajani, akisikiliza kichongeo kikizunguka taratibu, kru, kru, kru, damu ikimchemka.

Mtu pekee aliyezungumza naye bila kuandikwa alikuwa mama yake, na hata huko alikuwa amezungusha senyenge kwa mikono yake mwenyewe. Miaka miwili nyuma, mwanamume mmoja alimpigia mama huyo simu akiiga sauti ya mwanawe, akilia kwamba anaumwa. Mama akamwambia kila alichouliza. Kesho yake nyumba ya binamu yake Bisibisi ilipekuliwa mpaka chini ya mazulia. Tangu hapo Bisibisi akamtungia mama yake kanuni, akazirudia mpaka mzee akazikariri. Kabla ya mazungumzo yoyote, mama atauliza swali. Jibu lake atakuwa amelificha ndani ya ujumbe wake uliotangulia, nalo liwe jambo ambalo hajapata kumwambia mtu mwingine. Hakuna wa kumdhamini mwenzake. Hata ndugu akisema "huyu ndiye," asisadikiwe. Aliyekosa jibu mara tatu, laini itupwe. Na kila ujumbe ujifute wenyewe baada ya saa ishirini na nne, kwenye simu zote mbili, usibaki hata uvundo.

Mama alicheka mwanzoni, akasema hakujua kwamba amezaa jeshi. Baadaye akaupenda mchezo. Kuandika kulimsumbua, hivyo alituma sauti yake, dakika tatu, dakika nne, akianza na salamu na habari za majirani, akimalizia na kisa cha zamani ambamo jibu limefichwa. Bisibisi alikuwa akijisifu moyoni kwamba hakuna benki yenye ulinzi kama wa mama yake.

Ujumbe uliomponza uliingia siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa kwenye meza ya tatu ananakili diski ya watu waliofunga mafaili ya idara moja ya maji wakidai fidia. Kunakili ni kazi ya kukodolea macho mstari unaojaa pole pole, kwa hiyo aliiweka simu mezani akaifungulia sauti. Mama akamsalimu. Akasema mvua imeng'oa bati la jirani na jirani anamlaumu fundi, fundi analaumu misumari. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kidogo, Bisibisi akadhani ni mafua. Dakika ya kwanza haijaisha, Mkuu akachungulia mlangoni akamwita. Bisibisi akatoka, simu akaiacha mezani inaongea. Mama Daftari hakutoka, kwa kuwa shahidi haruhusiwi kuiacha mashine peke yake.

Aliporudi, simu ilikuwa kimya. Akajiambia ataisikiliza jioni. Jioni alichoka. Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, Mama Daftari alimaliza kuchonga penseli yake kisha, kinyume na desturi yake, akauliza, "Mzazi anaendeleaje?"

"Andika yanayokuhusu," alisema Bisibisi bila kugeuka.

Mama Daftari aliandika saa. Nayo ilipotimia saa nne ya Ijumaa hiyo, sauti ya mama yake Bisibisi ilijifuta kama ilivyoamriwa.

Jumatatu binamu yake alimtumia maneno mafupi. Mama amelazwa, koo ndilo linalomsumbua. Anapasuliwa Alhamisi asubuhi. Madaktari wanasema kinachotolewa kinatoka na sauti, na haitarudi. Mwishoni binamu aliandika: "Anasema alikueleza yote."

Bisibisi alisoma mara tatu. Kisha alitoka nje, akasimama kando ya mapipa ya takataka ya kitengo, mahali pasipo na mtu, akapiga. Simu iliita mara tano.

"Nani?" aliuliza mama. Sauti ilikuwa nyembamba na kavu, kama mlango wenye bawaba kuukuu.

"Mimi, mama."

"Sukari ilikuwa wapi?"

Moyo wake ukatua. Hilo alilijua. Nani asingelijua? Utotoni mwake palikuwa na kabati dogo la mbao sebuleni, na kabati lilikuwa na kufuli, na ndani yake palikuwa na sukari. Alikuwa na miaka saba alipolifungua kufuli la kwanza kwa waya wa kalamu. Mama akanunua kufuli kubwa zaidi, akalifungua. Akanunua la namba. Likamchukua siku tatu, akalifungua. Kila mara alikuta sukari kidogo kwenye bakuli, akalamba, akafunga kama palivyokuwa, akaondoka akijiona bingwa wa dunia nzima. Kama angeulizwa alianzia wapi kazi yake, angesema pale.

"Kabatini, mama," alijibu.

"Wewe si mwanangu," mama alisema pole pole. "Mwanangu nimemwambia." Simu ikakatwa.

Alibaki ameishika sikioni. Alipiga tena, haikupokelewa. Kanuni yake mwenyewe ilisema aliyekosa asipokelewe tena siku ileile.

Jumanne alianza kwa kumpigia binamu, akamwomba amweleze mama kwamba aliyepiga alikuwa yeye kweli. Binamu alikuwa mji mwingine, lakini akafanya hivyo, kisha akarudi na majibu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia maskini, hata wewe wamekudanganya. Binamu alikuwa anataka kucheka na kulia kwa pamoja. Alisema, "Ulimfundisha vizuri mno, ndugu yangu. Umemfundisha mpaka umejifungia nje."

Akapiga simu wodini. Nesi alimuuliza yeye ni nani kwa mgonjwa. Bisibisi akashindwa kutaja jina lake, kwa maana jina lile likiandikwa kwenye kitabu cha hospitali ya nchi ile, jioni wodi itakuwa na wageni wasiobeba matunda. Alisema yeye ni jamaa. Nesi akasema jamaa wote wanakuja kwa miguu yao saa za kutazama wagonjwa, na kwa simu hawatoi habari wala kumpa mgonjwa simu ya mtu asiyejulikana. Alisema hivyo bila ukali, na kwa haki kabisa, jambo lililomuudhi Bisibisi zaidi.

Wakati wa chakula cha mchana aliufungua ukurasa wa hospitali hiyo kwenye simu yake. Kwa kuutazama tu aliona mahali ulipooza. Ulikuwa mlango wa nyavu. Kwa nusu saa angekuwa ndani, amesoma faili la mama yake, chumba, kitanda, jina la daktari, saa ya upasuaji. Kidole kilikaa juu ya kioo. Kilichomzuia hakikuwa kifungu cha pili cha mkataba, ingawa angependa kusema hivyo. Kilichomzuia ni kwamba hata akiingia, sukari haikuwa mle. Jibu alilolitaka halikuwa kwenye kompyuta yoyote duniani. Lilikuwa kichwani mwa mwanamke mmoja aliyelala kitandani, na mwanamke huyo alikuwa amefungwa na mtaalamu.

Saa kumi jioni alijaribu mara ya pili. Alikuwa amefikiri siku nzima, akakumbuka gunia la stoo.

"Sukari ilikuwa wapi?"

"Stoo, mama. Ndani ya gunia."

"Mara ya pili," alisema mama, na safari hii sauti ilitetemeka kwa hasira au kwa uchovu, hakujua. "Jaribu ya tatu, niivunje laini hii kwa meno." Akakata.

Mara ya tatu ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapo angekuwa hana namba ya kupiga, na Alhamisi ingepita, na sauti ya mwisho ya mama yake masikioni mwake ingekuwa ile ya kumwambia kwamba yeye si mwanawe.

Jioni hiyo, akiwa anavaa koti, aliiona penseli ya Mama Daftari imelazwa juu ya daftari jipya, na wazo likamchoma kama mwiba. Mwanamke yule alikuwapo. Alhamisi iliyopita alikaa kando ya simu dakika zote zile, na mwanamke yule huandika hata chafya. Kila alichokisema mama kingekuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wa mahakamani, pamoja na saa yake.

Angeweza kumuuliza. Mama Daftari alikuwa bado yuko koridoni, anafunga kanga yake begani. Lakini miaka minane ilikuwa imemfundisha Bisibisi kwamba anayeuliza huonyesha anachokitaka, na anayejua unachotaka amekushika. Alimwacha apite. Akachukua fomu.

Daftari la kila wiki lilikuwa linafungwa Ijumaa ndani ya bahasha ya plastiki yenye namba na kupelekwa chumba cha vielelezo. Kulifungua kulihitaji ombi, sababu, saini ya Mkuu, na mwandishi wa daftari kuwapo. Kwenye sababu Bisibisi aliandika: za kiuchunguzi. Jumatano asubuhi fomu ikarudi mezani kwake na alama ya kuuliza ya wino mwekundu. Akaandika: kuhakiki muda wa kunakili diski. Mkuu alikuwa kwenye kikao. Kikao kikazaa kikao. Saa sita alimnasa kwenye ngazi, Mkuu akiwa na sahani mkononi.

"Muda wa diski?" Mkuu alimtazama kwa juu ya miwani. "Si umo kwenye mashine yenyewe?"

"Nataka kulinganisha."

"Wewe unayelia kila siku kwamba daftari ni kupoteza muda, leo unalitaka?" Alisaini huku ameibana sahani kwapani, mchuzi ukamdondokea kwenye fomu. "Ukiona nimebadilika rangi, ujue ni mshangao."

Mtunza vielelezo alikuwa mtu mwenye kijiti cha meno mdomoni tangu asubuhi hadi kufunga ofisi. Aliitazama fomu, akalitazama doa la mchuzi, akauliza kama nalo ni kielelezo. Kisha akasema mwandishi hayupo, hawezi kufungua. Mama Daftari alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili kwenda kupima macho. Bisibisi alikaa kwenye benchi la koridoni, akashika tama. Mwanamke aliyemuudhi miaka mitatu kwa kutobanduka kando yake, siku moja tu aliyohitajika, alikuwa hayupo.

Alirudi saa tisa, miwani mipya usoni. Bahasha ikakatwa mbele ya wote watatu. Bisibisi alifungua kurasa haraka mpaka akaifikia Alhamisi.

Saa nne na dakika kumi na moja, mchunguzi amepokea ujumbe wa sauti kwenye simu yake binafsi. Saa nne na dakika kumi na mbili, mchunguzi ameitwa na Mkuu, ametoka. Mashine haijaguswa. Saa nne na dakika kumi na saba, mchunguzi amerudi.

Aligeuza ukurasa. Akaurudisha. Akauinua kwenye mwanga wa dirishani kana kwamba maneno yangekuwa yamezama ndani ya karatasi.

"Hapa katikati," alisema, "mbona hapana kitu?"

"Mashine haikuguswa," alijibu Mama Daftari.

"Simu ilikuwa inaongea."

"Ilikuwa inaongea, ndiyo."

"Wewe unaandika hata chafya."

"Chafya yako ni ya mezani. Mama yako si wa mezani." Alilifunga daftari taratibu, akalaza mkono juu yake. "Nikimwandika humu, iko siku wakili atasimama amsome mbele ya watu, koo lake na maradhi yake. Nimeyaona hayo. Nikaiweka penseli chini."

Bisibisi alitafuta pa kukaa, akakalia sanduku la vielelezo. Mtunza vielelezo alifungua kinywa amwambie haruhusiwi, kisha akamwona uso, akaenda kupanga rafu za nyuma.

"Ulikuwa unatafuta nini humu?" aliuliza Mama Daftari.

Ilikuwa ni lazima aseme. Tangu azitunge hakuwa amemwambia mtu wa nje kanuni zile. "Natafuta sukari ilikuwa wapi," alisema hatimaye. Na baada ya hapo mengine yakatoka yenyewe: swali, majibu mawili aliyokosa, kesho asubuhi.

Mama Daftari alivua miwani mipya. "Kwani hukusikiliza?"

"Sikusikiliza."

"Nilikuuliza Ijumaa."

"Najua."

"Ukaniambia niandike yanayonihusu."

"Najua, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila kuunganisha na daftari.

Mama Daftari akamsimulia, kwa sauti ileile ya kusoma mwenendo wa kesi, bila kuruka kitu. Alisema mama alianza na bati la jirani. Akaeleza habari za koo, tarehe ya upasuaji, na kwamba hataki mtu alie. Halafu akasema sasa nisikilize, jibu linakuja. Akasimulia kabati. Alijua tangu kufuli la kwanza. Waya wa kalamu ulikuwa umeacha mikwaruzo ambayo hata kipofu angeigusa akaijua. Angeweza kumchapa. Lakini alimwona mtoto ameketi mbele ya kufuli saa nzima, ulimi nje, hapigani na mtu, hazururi, akaona heri hivyo. Akawa ananunua kufuli gumu zaidi kila linapofunguliwa, na kila akifunga anaacha vijiko viwili vya sukari kwenye bakuli, mshahara wa fundi. Sukari ya nyumba, ile yenyewe ya chai, haikuwahi kukaa kabatini hata siku moja.

"Ilikuwa kwenye kopo la misumari," alisema Mama Daftari. "Juu ya rafu, karibu na jiko. Halina kufuli wala mfuniko. Alisema ulipita chini yake utoto wako wote."

Bisibisi alitoka mbio mpaka kwenye mapipa, akapiga. Simu unayopiga haipatikani. Akapiga tena. Alipiga mpaka ofisi ikafungwa, akapiga njiani, akapiga akiwa jikoni kwake anasubiri maji yachemke. Binamu alimweleza kwamba wanaopasuliwa huchukuliwa simu zao jioni ya kuamkia siku yenyewe, na wengine hurudishiwa asubuhi wakizungumza na nesi vizuri, na wengine hapana. Bisibisi alilipiga teke kabati la jikoni, likamuumiza kidole gumba cha mguu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Alhamisi alikuwa tayari mezani kwake, ofisi tupu. Hakutaka kupiga akiwa chumbani alikopanga, ambako kuta zilikuwa nyembamba na mtandao ulikatika. Alijaribu kuiwekea simu programu ya kurekodi mazungumzo. Simu ikakataa. Akakumbuka aliyeifunga simu ile isirekodi kamwe, hata kwa kulazimishwa, ni nani. Kuifungua kungechukua saa mbili, na saa mbili hakuwa nazo. Aliinamisha kichwa mezani, akacheka kicheko kibaya.

Mlango ulifunguka. Mama Daftari aliingia, saa mbili na nusu kabla ya zamu yake, akavuta kiti chake kilekile kando ya meza ya tatu. Hakusema kilichomleta. Hakuchukua daftari. Alichukua karatasi moja tupu kwenye mashine ya kuchapia, akaiweka mapajani, akachonga penseli. Kru, kru, kru. Bisibisi alimsubiri amalize.

Saa moja na dakika tatu simu iliita, ikapokelewa.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi. Sukari ilikuwa wapi?"

"Kwenye kopo la misumari, mama. Juu ya rafu, karibu na jiko. Halikuwa na kufuli."

Mama alivuta pumzi nzito. "Ni wewe uliyekosa mara mbili?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Uongo ulimjia ulimini, mzuri, tayari umevaa. Akaumeza. "Sikusikiliza ujumbe wako. Niliuacha ukajifuta."

"Dakika nne, mwanangu." Sauti ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. "Nesi kanikataza kuongea. Nimejikaza koo dakika nne nzima, na wewe ukauacha ukajifuta."

Mama alimgomba. Alimgomba kwa sauti iliyokuwa inakatika kama redio yenye betri za mwisho: kwamba anajua kufunga tu, tangu lini kufunga kukawa ni kupenda, kwamba juzi alilia usiku kwa kudhani wale watu wamerudi, kwamba kidevu cha daktari kinafanana na cha mjomba wake na kwa hiyo hamwamini. Hapo akacheka kidogo. Bisibisi akacheka pia, pua zimejaa. Nyuma ya mama mtu alisema kitanda kiko tayari.

"Basi sikia," alisema mama. "Nikitoka huko sitakuwa na swali la kuuliza kwa mdomo. Nitagonga simu kwa kucha, mara tatu. Wewe ndiye utakayesimulia. Kila siku, kisa kizima, si kile cha habari zenu hamjambo. Zamu yangu ya kusikiliza. Na mimi nitasikiliza mpaka mwisho."

"Sawa, mama."

"Na hilo la kufuta, liondoe." Simu ikakatika.

Bisibisi alibaki ameikodolea. Nje mtu alikuwa anafungua geti, minyororo inaburuta sakafuni. Baada ya muda Mama Daftari alimsogezea ile karatasi. Yalikuwamo yote, kwa mwandiko wa mahakamani. Saa moja na dakika tatu, mama ameuliza. Saa moja na dakika tano, mama amemgomba mwanawe. Saa moja na dakika saba, wamecheka. Mstari wa mwisho ulisema: saa moja na dakika tisa, simu imekatika, mwana hakusema kitu.

Aliusoma mstari huo mara mbili. "Umekosea hapa," alisema.

"Wapi?"

"Nilisema kitu. Baada ya simu kukatika. Nilisema 'mama.'"

"Sikusikia."

"Nilisema kwa chini. Andika."

Mama Daftari alimtazama kwa miwani yake mipya, kama anavyomtazama shahidi ambaye hajaamua bado kumwamini. Kisha akaichukua karatasi, akafuta mstari ule kwa kifutio, akapuliza vumbi lake, akauliza ilikuwa saa ngapi hasa.